Kipindi kimoja kwa wiki: mwongozo kamili wa kufundisha kujitambua na stadi za maisha sekondari

Shule nyingi hapa Moshi hualika mgeni wa kuhamasisha wanafunzi. Anakuja na kipaza sauti, anawakusanya uwanjani, anawaambia wana uwezo mkubwa ndani yao, kisha ananyoosha mkono kuelekea Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, na kusema kila mtu ana kilele chake. Watoto wanashangilia kweli. Wiki mbili baada ya mgeni wa namna hiyo kuondoka, niliwauliza kidato cha pili wamebadilisha nini katika siku zao. Wakanyamaza. Walimpenda, hata maneno yake waliyakumbuka, ila hakuna aliyejua afanye nini Jumatatu asubuhi. Na ule mlima wanauona kila siku wakifagia uwanja.

Tangu hapo nimeshika njia moja: dakika 40 kwa wiki, muhula mzima, daftari mkononi, na kila wiki jambo moja dogo la kwenda kufanya nyumbani. Nimeandika kwa ajili ya mwalimu wa malezi, mlezi wa klabu, au kijana anayejitolea katika shule ya kata ya kutwa. Wa bweni watachukua yanayowafaa.

Kabla hujaanza

Nenda kwa mkuu wa shule na karatasi moja iliyoandikwa: siku, saa, chumba, idadi ya wanafunzi, na mada wiki kwa wiki. Ukienda na wazo la mdomoni utaambiwa "tutaona", na mwaka utaisha. Pitia pia kwa mwalimu wa taaluma. Yeye ndiye mwenye ratiba, na ukimruka, kipindi chako ndicho kitakachokatwa kwanza mitihani ya utamilifu ikikaribia.

Omba muda ndani ya ratiba, usikubali baada ya kengele ya mwisho. Jioni wa Uru na Rau wana mwendo mrefu mbele yao, wa Pasua wanawahi daladala, na wasichana ndio watakaoanza kukosa, kwa sababu nyumbani wanasubiriwa na kazi. Utabaki na wavulana wanaokaa karibu na shule, udhani wengine hawana moyo.

Jambo la pili la kuombea ruhusa ni lugha. Masomo ya sekondari ni kwa Kiingereza, na shule nyingi zina kanuni ya Kiingereza tu ndani ya uzio. Omba kipindi hiki kiwe cha Kiswahili, na ruhusa hiyo itangazwe mstarini ili asije mtoto akaadhibiwa. Mtoto aliyesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili hawezi kukueleza kinachomuumiza kwa lugha anayoiogopa. Wengi wa kidato cha kwanza tunaowaita wapole wamenyamaza tu kwa sababu hawana maneno.

Chukua wanafunzi 25 hadi 30, usizidishe. Kila mmoja awe na daftari lake la kawaida, lisilokusanywa wala kusahihishwa. Tafuta na boksi la viatu, toboa tundu juu: hilo ni sanduku la maswali. Shirika la Afya Duniani, miaka ya 1990, lilitaja stadi kumi za maisha, kuanzia kujitambua na kufanya maamuzi hadi kudhibiti hisia na kukabili msongo. Ni orodha nzuri ya kukuongoza wewe. Usiiandike ubaoni, maana wataikariri kama wanavyokariri sehemu za ua, na itaishia hapo.

Hatua ya 1: Makubaliano, na mpaka wa siri

Kipindi cha kwanza wapange viti duara, waulize wanataka kanuni gani ili waweze kusema ukweli. Watasema wenyewe: tusichekane, tusitangaze nje, anayetaka kukaa kimya akae. Ziandike kwa maneno yao.

Kisha sema la kwako, polepole na waziwazi. Ukisema "kila kitu hapa ni siri" umewadanganya. Waambie hivi: "Nitatunza mnayoniambia, isipokuwa mambo matatu. Kama mtu anakuumiza, kama kuna anayekushika au kukulazimisha kimapenzi, au kama unafikiria kujidhuru, hayo sitayabeba peke yangu. Nitatafuta mtu wa kusaidia, na nitakuambia kabla sijaenda." Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo karibu darasa lako lote limo. Ndani ya jalada la daftari lako uwe na namba ya afisa ustawi wa jamii na ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wanafunzi waandike 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo kupiga ni bure. Fanya hivyo siku ya kwanza, kabla hujahitaji.

Kuhusu sanduku la maswali nina jambo la kukiri. Mwaka wa kwanza nilisoma swali kwa sauti kama lilivyoandikwa. Lilikuwa la mtoto aliyekuwa akilala njaa, na lilikuwa na neno moja ambalo yeye peke yake alipenda kulitumia. Darasa zima likageuka kumtazama. Hakurudi kwenye kipindi hadi muhula ulipokwisha, na mimi ndiye niliyemfukuza bila kujua. Sasa kila swali nalisoma nikiwa peke yangu, nalibadilisha maneno, naondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu, na mara nyingi nalijibu wiki inayofuata, si siku ileile. Mtoto mwenye njaa namtafuta pembeni.

Hatua ya 2: Ramani ya siku

Ukikosa muda wa yote, fanya hatua hii. Tenga vipindi viwili.

Kila mwanafunzi achore mstari mrefu, augawe sehemu 24, kisha ajaze jana yake, saa kwa saa. Jana halisi, siyo siku anayoitamani. Wewe chora ya kwako ubaoni kwanza, pamoja na ile saa nzima uliyopoteza kwenye simu.

Nikuonyeshe moja, ya binti wa kidato cha pili anayeishi juu huko Uru. Kuamka saa 10:30 alfajiri. Kuchota maji, kufagia uwanja, kuwasha moto wa chai ya wadogo. Saa 12:15 yuko njiani, saa 1:20 yuko shuleni. Masomo mpaka saa 9:30. Saa 10:45 yuko nyumbani, anachukua panga na kamba, anaingia kihambani, shamba la migomba la nyumbani, kukata majani ya ng'ombe. Saa 12 anapika, kisha wanakula, anaosha vyombo. Saa 3 usiku anashika daftari, saa 3:20 amelala. Mwanzoni alikuwa ameandika "kujisomea, kwa saa 2". Akafuta. Karatasi ilikuwa imechanika kidogo pale alipofuta, na juu yake ameandika kwa kalamu nyepesi: "dk 20".

Yule binti ripoti zake zilikuwa zimeandikwa mara tatu "aongeze bidii". Bidii ilikuwa imejaa kwenye ule mstari kuanzia alfajiri. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na yeye alikuwa akipata 7. Ukiona ramani ya namna hiyo, usimwambie aamke mapema zaidi.

Kipindi cha pili mnatafuta mianya. Wakae wawili wawili, mmoja asome ramani ya mwenzake na kuuliza: hapa unaweza kufanya nini? Safari ya miguu ya saa nzima ni mwanya: unaweza kutembea ukijieleza somo la jana kwa mdomo. Dakika 30 za kusubiri daladala ni mwanya. Jumapili baada ya ibada ni mwanya mkubwa ambao wengi hawauoni, kwa sababu wanaupoteza wamekaa barazani wakijilaumu kwamba hawasomi.

Palipobana kabisa, mtoto atahitaji kuongea na mzazi, na hapo usimwache aende mikono mitupu. Wafundishe namna ya kuomba, na waigize darasani, mmoja akiwa mama au bibi, maana wengi wanalelewa na bibi. Asiombe wakati mama ndiyo kwanza anatua mzigo kutoka sokoni. Angoje chakula kiishe. Aombe siku mbili, asiombe saba. Na awe na kitu cha kutoa.

"Shikamoo mama."
"Marahaba."
"Mama, nina ombi. Upimaji wa Taifa ni Novemba. Naomba Jumanne na Alhamisi kaka akate majani, mimi nisome mpaka saa 12. Vyombo vyake nitaosha mimi siku hizo."

Binti yule alipewa siku moja, Alhamisi. Alirudi amefurahi kuliko nilivyotegemea, kwani hakuwahi kufikiri jambo lile linaombeka.

Hatua ya 3: Kusoma kwa kufunga daftari

Waulize wanasomaje. Jibu ni moja: narudia notsi mpaka zikae. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima alichosahau. Aliona sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza tu, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku hushikilia kumbukumbu kuliko kurudia mfululizo. Waeleze hivyo kisha mfanye papo hapo: wasome ukurasa mmoja wa Baiolojia dakika 5, wafunge, waandike yote wanayokumbuka, wafungue, waongeze yaliyokosekana kwa kalamu ya rangi nyingine. Ile rangi ya pili ndiyo kazi yao ya kesho. Warudie baada ya siku moja, siku tatu, wiki moja. Inauma mwanzoni, kwa sababu daftari likifungwa mtu anajiona hajui. Waambie maumivu hayo ni ya kawaida.

Kwa Kiingereza, kila mmoja awe na kurasa za mwisho za daftari kwa ajili ya maneno matano kwa siku kutoka masomoni, kila neno na maana yake kwa Kiswahili na sentensi aliyotunga mwenyewe. Anayeelewa usanisinuru kwa Kiswahili ameshavuka nusu ya mto. Amweleze mwenzake kwa Kiswahili kwanza, kisha wajaribu pamoja kwa Kiingereza, na anayecheka anasimamishwa kwa kanuni walizotunga wenyewe.

Hatua ya 4: Lengo linalohesabika

"Nataka divisheni wani" ni hamu. Wafundishe hesabu iliyo nyuma yake, maana nimekutana na wa kidato cha nne wasioijua. Katika mtihani wa kidato cha nne huchukuliwa masomo saba bora. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33.

Sasa mchukue mwanafunzi mwenye C mbili na D tano. Pointi 26, divisheni ya nne. D moja tu ikigeuka C, anakuwa na 25: divisheni ya tatu, na krediti tatu (alama za C au zaidi), ambazo ndizo kiwango cha chini cha kufikiriwa kidato cha tano iwapo zinaunda tahasusi, yaani kundi la masomo matatu ya kidato hicho. Somo moja. Nikimaliza hesabu hiyo ubaoni, darasa hunyamaza kwa namna nyingine kabisa na ile ya siku ya mgeni.

Basi kila mmoja achague somo moja au mawili yaliyo mpakani, asichague lile analolichukia zaidi, na aandike lengo la wiki moja: "Kufikia Alhamisi nitakuwa nimefanya maswali 10 ya milinganyo na kumpelekea mwalimu niliyoshindwa." Wiki inayofuata aseme alifanya au hakufanya, na kama hakufanya, ni nini kilitokea. Asiadhibiwe wala asihubiriwe. Lengo likishindikana wiki tatu, punguza nusu.

Hatua ya 5: Kuona njia zaidi ya moja

Waulize wanataka kuwa nani, utapata madaktari, marubani na wanasheria. Hawajaona kazi nyingine kwa karibu, ndiyo sababu. Waletee watu, mmoja kila baada ya wiki mbili: muuguzi, fundi umeme aliyepita VETA, mama anayeuza nafaka soko la Mbuyuni, kijana aliyeanza upagazi mlimani na sasa anaongoza watalii, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika.

Mwambie mgeni mapema kwamba hatatoa hotuba. Ataulizwa. Wanafunzi waandae maswali: jana ulianza kazi saa ngapi? Malipo ya mwezi wa kwanza yalikuwa kiasi gani? Kosa gani lilikugharimu? Somo gani la sekondari unalitumia hadi leo? Mama mmoja wa nafaka aliwaonyesha daftari lake la madeni, safu kwa safu, na wavulana waliokuwa wakisema Hesabu haina kazi waliinama juu ya lile daftari mpaka kengele ikalia.

Usiwaachie dhana kwamba ufundi ni wa walioshindwa. Tangu mtaala mpya uanze kutumika kidato cha kwanza mwaka 2024, mkondo wa amali, yaani wa ufundi, unasimama pamoja na ule wa jumla, na mzazi anapaswa kusikia hilo kutoka kwako kabla hajalisikia kwa jirani likiwa limepinda.

Hatua ya 6: Kukataa kwa sauti

Hapa usieleze, igizeni. Hali ya kwanza: jioni, njiani, bodaboda anasimama kando ya msichana. "Panda dada, leo bure." Anayeigiza msichana aseme, "Asante kaka, natembea na wenzangu," huku akiendelea kutembea. Wengi husimama ili wasionekane hawana adabu, na hapo ndipo maneno yanapozidi. Arudie mara tatu, ya tatu sauti itoke kifuani. Kisha ongeza mvulana anayepita, ajifunze la kufanya: "Dada, mwalimu anatuita," wanaondoka pamoja. Siku moja binti aliyekuwa akinong'ona tangu Januari alisema "Hapana, sipandi!" kwa nguvu hadi darasa la jirani likanyamaza.

Sema pia, bila kuzunguka, kwamba mtoto aliyeshawishiwa na mtu mzima hana kosa. Na aliyejifungua hajafukuzwa duniani: tangu waraka wa serikali wa Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule. Nimeona sura za wasichana wakisikia hilo kwa mara ya kwanza. Dada zao wako nyumbani.

Kwa wavulana, hali inayowabana zaidi kwa sasa ni kubeti kwenye simu ya kaka au ya rafiki. Kisheria aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, lakini sheria peke yake haiwagusi. Wape hesabu: shilingi 500 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 12. Ni shilingi 30,000. Wao wenyewe wataje ingenunua nini sokoni Kiboriloni. Orodha yao itakuwa ndefu kuliko mahubiri yako.

Hatua ya 7: Hasira na kuomba radhi

Hatua hii ni fupi. Kwanza, kutambua hasira inaanzia wapi mwilini, ngumi, taya au tumbo, na kuondoka mahali pale kabla haijafika mdomoni. Pili, kuomba radhi kwa kutaja kosa: "Nilikutukana mbele ya watu, samahani," badala ya "kama nimekukosea". Huku kwetu hawa watoto wameona jani la isale likibebwa kwenda kwa mtu aliyekosewa, na wanajua anayelipokea amekubali kusikiliza. Waambie wawaulize babu na bibi lilitumikaje, waje wasimulie. Watakuja na mengi usiyoyajua.

Kupima kama inafanya kazi

Usitunge mtihani. Angalia daftari la mahudhurio: je, utoro wa hawa 30 umepungua? Angalia sanduku: maswali yanageuka kutoka ya kujaribu na kuwa ya kweli kati ya wiki ya nne na ya sita, na yasipogeuka, bado hawajakuamini. Mwisho wa muhula wachore ramani ya siku upya, waiweke kando ya ile ya kwanza. Tofauti mara nyingi ni ndogo, dakika 40 hapa, saa moja ya usingizi pale.

Na jipime mwenyewe. Mpe mwanafunzi mmoja saa, ahesabu dakika ulizoongea wewe. Zikizidi 15 kati ya 40, wiki inayofuata kaa kwenye kiti cha duara kama wao, na chaki umwachie mwingine.

Januari, kidato cha kwanza wakishapata sare na kuijua njia ya shule, anza tena na wale 30 wapya. Waliomaliza mwaka jana wachague wawili wakusaidie duara la kwanza. Binti wa Uru ndiye aliyelifungua la mwaka huu, akiwa na ramani yake ileile iliyochanika.